Gari Limevuka Mpaka, Mazoea Yamebaki Nyuma

Leo nawalenga madereva kwanza, lakini abiria na waenda kwa miguu msizime redio, maana na nyinyi mmo. Nazungumzia kuendesha chombo katika nchi ambayo magari yake yanapita upande usio wako. Wewe umelelewa kushoto, wenyeji wanapita kulia. Au wewe ni wa kulia, umeingia kwa watu wa kushoto.

Najua yupo anayesema moyoni, "Hayo ni ya watalii na wenye pasipoti zilizojaa mihuri." Hapana. Hebu tuitazame Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Nchi wanachama sasa ni nane. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia wanapita kulia. Watatu kushoto, watano kulia, na wote tunataka kufanya biashara bila vikwazo. Ethiopia haimo katika jumuiya, lakini ukivuka Moyale kutoka Kenya, huko nako unakuta wanapita kulia. Kwa hiyo jambo hili ni la dereva wa lori la Dar es Salaam anayekwenda Bujumbura, la basi la Kampala linalokwenda Kigali, la mfanyabiashara wa Butembo anayefuata mzigo Uganda, na la kijana wa Mombasa anayesambaza chakula kwa pikipiki kule Dubai au Doha.

Tulifikaje hapa? Mpaka wa kushoto na kulia haukuwekwa na mhandisi wa barabara. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Mwaka 1916 Mwingereza na Mbelgiji wakamvamia, na vita vilipokwisha wakagawana: Tanganyika kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, ambaye Kongo alikuwa nayo tayari. Magari yalipoongezeka, kila mtawala akayapitisha upande aliouzoea kwao. Uhuru ukaja, bendera zikabadilishwa, nyimbo za taifa zikatungwa, lakini upande wa barabara ukabaki ule ule.

Si kwamba haubadilishiki. Ethiopia ilihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1964, Nigeria ikafuata 1972, Sudan 1973 na Ghana 1974, na kwa kiasi kikubwa sababu ilikuwa majirani. Msumbiji nayo ina kisa chake: Mreno aliyeitawala alihamia kulia huko kwao Ulaya mwaka 1928, lakini Msumbiji ikaachwa kushoto kwa kuwa imezungukwa na nchi za kushoto. Na mwaka 2009 nchi ya visiwa ya Samoa, katika bahari ya Pasifiki, ilifanya kinyume cha wengi. Ilitoka kulia ikaenda kushoto, ili wananchi wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia, New Zealand na Japani.

Nimeyataja haya ili tusibishane bure. Upande wa kushoto si bora kuliko wa kulia, wala wa kulia hauna akili zaidi. Barabara inaweza kufanya kazi vizuri upande wowote, mradi wote tumekubaliana. Hatari inaanza pale mmoja anapokuwa amekubaliana na watu wa kwao, na sasa yuko kwa wengine.

Sasa sikiliza kisa cha Sweden, maana ndani yake limo neno langu la leo. Waswidi walikuwa wakipita kushoto, na majirani zao kulia. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 1967, wakahama nchi nzima kwa mpigo. Saa kumi na dakika hamsini magari yaliyokuwa barabarani yalisimama, yakasogezwa taratibu upande wa pili, yakasubiri. Ilipogonga saa kumi na moja kamili, yakaondoka kwa upande mpya. Wengi walitarajia maafa. Lakini Jumatatu yake, siku ya kwanza ya kazi, ajali zilizoripotiwa zilikuwa chache kuliko Jumatatu za kawaida. Nchi nzima ilikuwa imebadilisha upande, na ajali zikapungua! Kisha miezi ikapita, watu wakatulia, wakaanza tena kuendesha huku akili iko kwingine, na ajali zikapanda kurudi zilipokuwa.

Umeona? Walipokuwa wageni wa barabara yao wenyewe, waliogopa, na woga ukawalinda. Walipozoea, ulinzi ukaondoka. Kwa hiyo ninalosema leo ni hili: kwenye barabara ya ugenini, saa ya hatari si ile unayovuka mpaka. Ni ile unayojiambia, "Aa, hapa nimeshazoea."

Tulipeleke neno hilo barabarani kwetu. Lori limepakia bandarini Dar es Salaam, linakwenda Kigali, mwendo wa karibu kilomita 1,500. Limepita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Limepita Lusahunga na Benaco, na sasa linateremka Rusumo, kwenye maporomoko ya Mto Kagera. Daraja lililopo leo lilijengwa kwa msaada wa Japani, na mwezi wa Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walilizindua pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Mpaka hapo dereva wetu amepita kushoto njia nzima. Akishagongewa karatasi zake, anahamia kulia.

Pale Rusumo hakosei. Vibao vipo, askari wapo, na malori yako mbele yake na nyuma yake, yote yanakwenda upande mmoja. Hata angetaka kukosea, foleni isingemruhusu. Akishaanza kupanda vilima vya Kirehe mwili wote uko macho. Anafika Kibungo salama, anakaribia Kayonza salama, na moyo unatulia. Anaegesha, anakunywa chai, anazungumza na wa nyumbani kwa simu, pengine anajinyoosha kidogo kwenye kiti. Anaamka, anawasha injini, anatoka sheli kuingia barabarani. Barabara ni nyeupe, hakuna gari hata moja la kumwonyesha upande. Mikono inashika usukani kama ilivyoushika miaka yote, na lori linakwenda kushoto.

Hapo ndipo penye kaburi, msikilizaji. Wahenga walisema, ukifika nchi ya wenye chongo, nawe fumba jicho lako moja. Ni usia mzuri, ila una upungufu wake. Jicho unalifumba kwa makusudi na unajua umelifumba. Mazoea ya kuendesha hayamo kichwani, yamo mkononi na mguuni, na ukisahau kuyasimamia kwa dakika moja yanarudi kazini bila kukuomba ruhusa.

Ulaya wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 27 Agosti 2019, katika mkoa wa Northamptonshire nchini Uingereza, kijana wa miaka 19 aitwaye Harry Dunn alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki. Mwanamke Mmarekani alitoka na gari katika lango la kambi ya Croughton, inayotumiwa na Wamarekani, akaingia barabarani, akashika kulia kama kwao. Alikwenda hivyo mita zipatazo 350 kabla ya kugongana na yule kijana uso kwa uso. Kijana alifariki. Mwanamke akaondoka nchini kwa kinga ya kidiplomasia, ukazuka mgogoro mkubwa kati ya serikali mbili, na mwisho, mwaka 2022, alikiri mahakamani kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha bila uangalifu, akapewa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa. Tuache siasa zake, tutazame namna ajali ilivyotokea. Hakuwa ametua nchini siku ile. Alikuwa ameshakaa wiki kadhaa. Hakuwa katikati ya msongamano wa London. Alikuwa anatoka langoni, barabara iko kimya. Ni kama dereva wetu na ile sheli.

Basi niziseme saa zenyewe za hatari, uzishike.

Ya kwanza ni hiyo ya kutoka mahali: sheli, gesti, maegesho, njia ya vumbi inayoingia kwenye lami. Kila unapowasha injini upya unaanza safari upya, na mazoea ya zamani yanawahi kushika usukani.

Ya pili ni barabara tupu, hasa alfajiri na usiku. Magari ya wenyeji ndiyo mwalimu wako, na mwalimu asipokuwepo, unabaki na somo la kwenu.

Ya tatu ni kukata kona. Sisi wa kushoto, kukata kushoto ndiyo kona fupi, huvuki njia ya mtu. Kwa watu wa kulia, kona ya kushoto ndiyo ndefu: unawapisha wanaokuja mbele, unavuka njia yao, kisha unakwenda kushika kulia kwenye barabara unayoingia. Dereva wa kushoto asiyejikumbusha anaikata fupi kama kwao, na anatokea usoni kwa watu.

Ya nne ni kipilefti. Kwetu tunakizunguka kwa mwendo wa saa, na magari yaliyomo ndani yanatujia kutoka kulia. Kigali au Bujumbura unakizunguka kinyume, na yaliyomo ndani yanakujia kutoka kushoto. Ukifika huku shingo yako imegeukia kulia, unatazama mahali ambapo hakuna kitu.

Ya tano ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni hofu ya ghafla. Umeona gari linakuja mbele yako vibaya, hakuna nafasi ya kufikiri. Mtu wa kushoto, mkono wake unavuta kushoto. Mtu wa kulia, mkono wake unavuta kulia. Wawili hao wakikutana kwenye kona moja ya mlima, kila mmoja anadhani anampisha mwenzake, na wote wawili wanakimbilia mahali pamoja. Ndiyo maana kwenye barabara ya ugenini mwendo wa kasi una adhabu mara mbili: unakunyima ule muda mdogo wa kuuzuia mkono wako usifanye ulichokizoea.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, maana gari nalo linaweza kukusaidia au kukudanganya.

Ukikodi gari la wenyeji, usukani umewekwa kwa ajili ya barabara yao. Hapo kuna kanuni moja rahisi: katika gari la wenyeji, dereva hukaa karibu na mstari wa katikati ya barabara, na abiria wa mbele hukaa karibu na ukingo. Ni hivyo kushoto na ni hivyo kulia. Ukijikuta mstari wa kati uko upande wa abiria wako, punguza mwendo mara moja, umekosea njia. Kuna vituko vidogo pia. Unataka kuonyesha indiketa, unawasha waipa siku ya jua kali. Unatafuta gia, unapiga mlango kwa kiganja. Hayo ni ya kuchekesha, lakini kila mara unapoinamisha macho kutafuta gia, macho hayo hayako barabarani. Chukua gari la otomatiki kama lipo, upunguze kazi moja. Na ujichunge usisogee mno pembeni, kwa sababu mtu aliyezoea kukaa kulia, akiwekwa kushoto, huliacha gari likaelea kulia bila kujua, na huko ndiko kwenye mtaro, baiskeli na watoto wa shule.

Ukija na gari lako mwenyewe, shida ni nyingine. Lori la Tanzania, Kenya au Uganda lina usukani wa kulia. Likiingia Rwanda, Burundi au Kongo, dereva anakuwa amekaa upande wa ukingo. Faida ipo, tusiikatae: anaiona miguu ya waenda kwa miguu na magurudumu ya baiskeli. Kule Burundi, kwenye miinuko ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, vijana wa baiskeli hushikilia nyuma ya malori ili yawavute mlimani, na dereva mwenye macho pembeni ana msaada mkubwa kwao. Hasara iko mbele. Akifuata lori jingine na akataka kulipita, haoni kinachokuja. Ili aone lazima kichwa chote cha lori kiingie njia ya upande wa pili. Anachungulia kwa kutumia mwili wa gari, na kama kuna kitu kinakuja, ameshakipa kifua.

Hapo ndipo utingo anapokuwa jicho la dereva. Amekaa kushoto, ndiye anayeona. "Suka, bado... bado... kuna basi... haya, twende." Maisha ya watu wengi yako kwenye maneno hayo machache, na anayeyasema ni kijana ambaye pengine hajalala tangu Singida, wala hajafundishwa kukadiria umbali na kasi ya gari linalokuja. Dereva, ukiwa na utingo aliyesinzia, huna jicho. Kaa nyuma ya lori lile lile, acha nafasi kubwa mbele yako, maana kadiri unavyokaa nyuma ndivyo unavyoona zaidi, na ukubali kufika umechelewa.

Usiku kuna la taa. Taa za mbele za gari la usukani wa kulia zimetengenezwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto, walipo waenda kwa miguu wa kwetu. Ukipita kulia, mwanga huo unakwenda moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Hata ukishusha taa, bado unampiga upofu. Waingereza wanaovuka na magari yao kwenda Ufaransa hubandika stika maalumu juu ya taa ili kuuelekeza mwanga ule. Kwetu dawa iliyo karibu zaidi ni kupanga safari: vuka mpaka asubuhi, endesha mchana, lala usiku.

Na vipi kuhusu pikipiki? Pikipiki haina kushoto wala kulia. Kwenye gari, kile kiti kigeni peke yake kinakukumbusha kwamba uko ugenini. Kwenye pikipiki umekaa katikati kama ulivyokaa Kisauni au Mbagala, na hakuna kinachokukumbusha. Afadhali Dubai, ambako madereva kutoka nchi nyingi, zetu zikiwemo, hulazimika kusoma na kufanya mtihani kabla ya kupewa leseni. Ile leseni ya kimataifa inayotokana na mikataba ya Geneva ya 1949 na Vienna ya 1968 ni kijitabu cha kuifanya leseni yako isomeke ugenini. Kinaeleza kwamba unajua kuendesha. Hakuna aliyekupima kwamba unajua kuendesha upande wa pili.

Nilisema waenda kwa miguu mmo. Tarehe 13 Desemba 1931, jijini New York, mwanasiasa mmoja Mwingereza wa miaka 57 alishuka kwenye teksi akavuka barabara ya Fifth Avenue. Alipofika katikati akatazama kushoto, kama wanavyofanya kwao, akaona kweupe, akaendelea. Gari likamjia kutoka kulia, likamgonga, akalazwa hospitali. Yeye mwenyewe alikubali kwamba kosa lilikuwa lake, si la dereva. Mtu huyo alikuwa Winston Churchill, na zaidi ya miaka minane baadaye akawa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa vita. Kama gari lile lingekuwa na kasi zaidi kidogo, historia ingeandikwa vingine kwa sababu ya shingo kugeuka upande usiofaa.

Shuleni tulifundishwa: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, vuka. Kwetu ni sawa, maana gari la kwanza kukufikia linatoka kulia. Ukiwa Kigali, Goma au Muscat, geuza somo: kushoto, kulia, kushoto tena. Na abiria wa mabasi, angalieni mlango. Basi lililotengenezwa kwa ajili ya nchi ya kushoto lina mlango wake upande wa kushoto. Likisimama pembeni mwa barabara ya Rwanda, mlango unafungukia katikati ya barabara, na mama mwenye mtoto mgongoni na begi mkononi anashuka mahali magari yanapopita. Konda mwenye akili hushuka kwanza, akasimamisha magari, ndipo akaita abiria.

Na tusidhani hatari hii tunaipeleka kwa wenzetu tu. Nasi tunaletewa. Zanzibar hupokea wageni kutoka Italia, Ujerumani, Polandi na kwingineko, nchi za kulia zote, na wengi hukodi vespa kwenda Nungwi au Paje, pengine wakiwa na viatu vya pwani na bila helmeti. Askari akimsimamisha mgeni humwuliza kibali na leseni. Ni sawa. Lakini yule anayekodisha chombo ndiye wa mwisho kuonana naye kabla hajaingia barabarani, na yeye angepaswa kumwuliza swali jingine: kwenu mnapita upande gani? Akijibu kulia, ampe dakika kumi uwanjani, azunguke, akate kona, ndipo apewe ufunguo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini mgeni huyu akija upande wangu wa barabara, mwenyeji haponi.

Kabla sijamaliza, nitoe haki. Sisemi kwamba upande wa barabara ndio unaoua kuliko vyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ina sababu tunazozijua: kasi, ulevi, uchovu, kofia isiyovaliwa, mkanda usiofungwa. Ila uchovu na upande wa ugenini ni ndugu. Mtu aliyechoka ndiye wa kwanza kurudia mazoea. Kwa hiyo mwenye lori anayempigia dereva simu kila saa, "Umefika wapi? Mbona umesimama?", ajue kwamba simu yake inamsukuma dereva huyo kwenda kushoto.

Nifunge kwa maombi, kila mtu na lake.

Wenye kampuni za malori na mabasi, msimpe dereva safari yake ya kwanza ya Kigali, Bujumbura au Lubumbashi akiwa peke yake. Mpeni mwenzake aliyeizoea njia, na mlipieni usiku mmoja wa kulala mpakani. Ni gharama ndogo kuliko tela kulala korongoni.

Serikali zetu na Jumuiya yetu, vibao vya mpakani vipo, asanteni. Sasa chorani mishale ya upande kwenye lami mahali pa kutokea sheli kubwa, maegesho ya malori na njia panda, kilomita nyingi baada ya mpaka. New Zealand wamefanya hivyo kwenye barabara za watalii. Mshale ni rangi na brashi tu, na rangi ipo Kahama, ipo Kayonza.

Matingo, kazi yenu ugenini si kupanga mzigo na kukagua matairi peke yake. Kila gari linapowashwa, semeni kwa sauti: "Suka, kulia!" Na wewe suka, usikasirike ukikumbushwa na mdogo wako. Mjibu, "Kulia," kisha uondoe gari. Abiria nanyi, mkiona basi limeshika upande usio wake, pigeni kelele. Adabu ya kunyamaza haifai hapo.

Na ikitokea umemwona mtu anakuja upande wako, usimkwepe kwa kwenda upande wake, maana huenda naye akashtuka akarudi huko huko. Punguza mwendo, washa taa, piga honi, sogea ukingo wa upande wako, na ikibidi simama kabisa.

La mwisho, kumbukeni kwamba safari ina kurudi. Dereva aliyekaa wiki mbili Kongo anaporudi Uganda kupitia Mpondwe, anafurahi kwamba yuko nyumbani, na furaha hiyo inamfanya asijikumbushe lolote. Ile siku ya kwanza nyumbani ihesabiwe kuwa ni siku ya ugenini.

Sheria ya upande ni ya wenye barabara. Ifuate tangu unapowasha injini mpaka unapoizima, na siku ile utakayohisi umeshazoea, ndiyo siku ya kuongeza macho. Madereva wetu wa masafa marefu, nawatakia safari njema, mfike salama na mrudi salama.